Malkia Aliyeuzwa kwa Bei ya Chini

   

Leo nazungumza habari za malkia mmoja wa Wafranki, watu walioitawala nchi ambayo leo ni Ufaransa, pamoja na sehemu za Ubelgiji na Ujerumani. Jina lake Balthild. Alifariki karibu na mwaka 680, katika nyumba ya watawa pale Chelles, mashariki ya Paris. Mtaniuliza: malkia wa zama hizo anatuhusu nini sisi, watu wa Bukavu na Kigoma, wa Mombasa na Unguja, wa Bujumbura na Gulu, tulioletwa na dunia mpaka Texas? Anatuhusu kwa sababu kabla ya kuwa malkia aliuzwa. Alitenganishwa na watu wake akiwa msichana, akavushwa bahari, akanunuliwa. Na alipopata madaraka hakulisahau jambo hilo. Ndani ya nyumba zetu hapa Texas wamo watu wengi ambao nasaba yao imekatika mahali fulani, kwa vita, kwa kambi, kwa mpaka uliofungwa usiku. Kwa ajili yao nimeichagua hadithi hii.

Tupange kwanza zama zake. Balthild alifika kwa Wafranki mwanzoni mwa miaka ya 640, wakati khalifa wa Waislamu alikuwa Umar bin al-Khattab. Mji wa Shanga kisiwani Pate, ambao wachimbuaji wa mambo ya kale wameukuta umeanza katika karne ya 8, ulikuwa bado haujajengwa. Dola ya Rumi upande wa magharibi ilikwisha kuanguka, na Wafranki walitawaliwa na ukoo mmoja, Wamerovinji, wafalme waliotambulikana kwa nywele ndefu. Mfalme akinyolewa, basi ufalme umemtoka. Likumbukeni hilo la kunyolewa, maana litatokea tena.

Habari zake tunazipata hasa katika kitabu cha maisha yake kilichoandikwa kwa Kilatini si muda mrefu baada ya kifo chake, yaelekea na mtawa wa nyumba ile ile ya Chelles. Mwandishi anasema mambo matatu juu ya asili yake: kwamba alitoka ng'ambo ya bahari, kwamba alikuwa wa kabila la Wasaksoni, yaani watu wa Uingereza, na kwamba aliuzwa kwa bei ya chini. Baba yake hatajwi, mama hatajwi, kijiji hakitajwi. Waandishi wa baadaye waliona aibu malkia kukosa ukoo, wakamtungia nasaba ya kiungwana. Mimi namwamini huyu wa kwanza. Aliyeishi karibu naye hakuona haja ya kumpamba, aliandika kwamba mama yao aliuzwa, na kwa rahisi.

Biashara hiyo ilikuwa kubwa. Siku hizo alikuwako mfua dhahabu mmoja maarufu, Eligius, aliyekuja kuwa askofu wa Noyon. Kitabu cha maisha yake kinasema alikuwa akisikia meli imeingia na watumwa hukimbilia huko na fedha zake, akawakomboa ishirini, thelathini, hamsini, na mara nyingine mia kwa mpigo. Walikuwamo watu wa Rumi, wa Gali, wa Britania, hata Wamori wa Afrika ya Kaskazini, na kuliko wote Wasaksoni. Katika mkumbo kama huo ndimo alimopita Balthild, ila yeye hakukutana na mkombozi. Alinunuliwa na Erchinoald, mkuu wa nyumba ya mfalme katika sehemu ya magharibi iliyoitwa Neustria. Cheo hicho kilikuwa kama waziri mkuu na mkuu wa majeshi kwa pamoja.

Kazi yake ilikuwa kumhudumia bwana huyo chumbani mwake, kumpelekea kinywaji. Kitabu kinasema pia aliwavua viatu wakubwa wake na kuwaosha miguu, akawatekea maji. Mke wa Erchinoald akafariki, na bwana akataka kumwoa mjakazi wake. Balthild akajificha. Alijifunika matambara, akakaa mafichoni mpaka bwana alipochoka kumngoja akaoa mwingine. Watawa walilisimulia jambo hili kuonyesha usafi wa moyo wake. Mimi naliona pia tendo la msichana asiye na baba wa kumsemea wala mjomba wa kuketi naye kwenye posa. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kukataa nacho ni mwili wake mwenyewe, akauficha.

Baadaye, karibu na mwaka 648, aliolewa na mfalme Clovis wa Pili. Kijana huyo alirithi kiti mwaka 639 akiwa mtoto mdogo, na siku ya ndoa umri wake ulikuwa miaka kumi na mitano hivi. Erchinoald alikuwa jamaa wa bibi yake Clovis, mama wa baba yake, mfalme Dagobert. Kwa hiyo mjakazi alitoka mkononi mwa ndugu mmoja akaingia nyumbani kwa ndugu mwingine, na wanahistoria wengi wanaona kwamba Erchinoald mwenyewe ndiye aliyeisimamia ndoa hiyo ili awe na sikio lake karibu na kitanda cha mfalme. Wala nyumba ile haikuwa ngeni kwa wake wa namna hiyo. Nanthild, mama yake Clovis, alikuwa mmoja wa wasichana wa utumishi katika jumba la mfalme kabla Dagobert hajamwoa. Miaka mingi kabla yao, Fredegund alipanda kutoka ujakazi mpaka umalkia. Alikuwako na Bilichild mmoja aliyenunuliwa kwa wafanyabiashara, akawa malkia, kisha akauawa na mumewe mwenyewe mwaka 610. Askofu Gregory wa Tours, aliyeandika katika karne ya 6, alilieleza jambo hili waziwazi: kwa Wafranki, mtoto wa mfalme ni mtoto wa mfalme, ukoo wa mama hauulizwi.

Wasikilizaji wa Unguja na Pemba, nadhani hapo mmekwisha kuona ninakoelekea. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, alipofariki mwaka 1856, aliacha watoto wengi, na karibu wote walikuwa wa masuria. Sultani Majid, mama yake alikuwa Msirkasi. Sultani Barghash, mama yake alikuwa Mhabeshi. Wote wawili walikaa kwenye kiti cha baba yao na hakuna aliyewauliza mjomba wenu nani. Sheria ilimlinda suria aliyemzalia bwana wake: hauzwi tena, na bwana akifa yeye huwa huru, na mtoto wake hurithi sawa na watoto wa mke wa ndoa.

Sayyida Salme, aliyezaliwa kule Mtoni mwaka 1844, na ambaye baadaye alikimbilia Ujerumani na kuitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1886. Humo anamweleza mama yake, Jilfidan. Alikuwa mtoto wa mkulima kule kwa Wasirkasi. Vita viliingia, baba na mama wakauawa, watoto watatu wakachukuliwa. Jilfidan, kaka yake na dada yao mdogo walitenganishwa, kila mmoja na njia yake, na hawakuonana tena. Aliingia nyumbani kwa Sayyid Said akiwa katika umri wa kung'oka meno ya utoto, akalelewa pamoja na mabinti wa nyumba. Alimzaa Salme. Alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859.

Namweka Jilfidan kando ya Balthild kwa sababu mmoja alimpata binti wa kumsimulia na mwingine hakumpata. Balthild alizaa wana watatu, na wote watatu wakawa wafalme: Clothar wa Tatu, Childeric wa Pili na Theuderic wa Tatu. Nyumba ya kifalme iliuchukua uzazi wake na kuupa majina makubwa. Majina ya wazazi wake hayakuingia katika kumbukumbu yoyote ya nyumba hiyo. Sisi hupenda kusema kwamba mtoto wa suria alikuwa sawa na mtoto wa mke, na katika mirathi ni kweli. Lakini usawa huo ulimfikia mtoto, na mama akabaki mtu asiye na kwao. Hesabuni basi ni mashangazi wangapi, ni wajomba wangapi, ni mababu wangapi waliofutwa katika nasaba za watawala wa dunia hii kwa njia hiyo.

Sasa tuje kwenye utawala wake. Clovis alifariki mwaka 657, na mtoto wao mkubwa Clothar alikuwa bado mdogo sana. Balthild akashika nchi kwa niaba yake kwa miaka saba au minane. Alizungukwa na maaskofu wenye uzoefu, akiwamo Audoin wa Rouen na yule Eligius niliyemtaja, mkombozi wa watumwa, mpaka alipofariki mwaka 660. Pia alikuwako padri Genesius, aliyepewa kazi ya kusimamia sadaka za malkia na baadaye akawa askofu wa Lyon.

Balthild alipiga marufuku kuuzwa kwa mateka Wakristo nje ya nchi ya Wafranki. Hakuishia kwenye amri, alitoa fedha zake kuwakomboa watu wengi, na kitabu kinataja kwamba waliokombolewa zaidi walikuwa wa kabila lake mwenyewe, Wasaksoni. Sisi tuna msemo kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Huyu alikuwa mtumwa kweli, na hakukataa kwao. Angeweza kabisa. Alikuwa na taji na wana. Badala yake alituma fedha sokoni, kwenye biashara ile ile iliyomuuza yeye.

Kuna amri yake nyingine isiyosemwa sana, na kwangu mimi ni nzito sawasawa na ile ya kwanza. Ilikuwako kodi ya kichwa, iliyomkamua maskini kwa kila mtu wa nyumbani mwake. Kitabu kinasema watu walifikia hali ya kuona heri mtoto afe kuliko kumlea, kwa sababu kila mtoto alileta mzigo wasioweza kuubeba. Balthild aliiondoa desturi hiyo. Mtazameni mwanamke asiyejua mama yake yuko wapi, anakaa kwenye kiti cha mfalme, anachagua mambo ya kushughulikia. Katika machache tunayoyajua kwa hakika, mawili yanahusu mtoto kubaki na wazazi wake: asiuzwe mbali nao, na asiachwe afe kwa ajili ya kodi.

Hata hivyo nisimfanye malaika. Wale aliowakomboa, wengi wao, hasa wasichana, aliwaingiza katika nyumba za watawa wawe wanasali. Kwetu tunalijua jambo hili. Mapadri wa Kifaransa walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watoto na kuwaweka katika kijiji cha misheni, wakaishi kwa kengele. Kule Mombasa, Frere Town ilipoanzishwa mwaka 1875, waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa walipewa majina mapya, kanisa jipya, na majirani ambao hawakuwahi kuwajua. Walikuwa huru, ni kweli. Na walikuwa chini ya kanuni za mtu mwingine, hilo nalo ni kweli. Wajukuu wao wako hai leo, wengine wao wakiwa hawajui kama babu alikuwa Myao, Mmakua au Mnyasa. Kumtoa mtu sokoni ni jambo moja, kumrudisha kwao ni jambo jingine, na hili la pili Balthild hakuliweza.

Tena siasa za enzi yake zilikuwa na damu. Huko Uingereza aliishi mwandishi mmoja, Stephen, aliyeandika maisha ya askofu Wilfrid, na yeye anamlaumu Balthild kwa kuuawa maaskofu tisa, akiwamo askofu wa Lyon. Kwamba askofu Aunemund wa Lyon aliuawa, hilo ni kweli. Wanahistoria wengi leo wanaona idadi ya tisa imetiwa chumvi, na kwamba mkono wa Ebroin, mkuu mpya wa nyumba ya mfalme baada ya Erchinoald, ulikuwa mzito zaidi. Nakubaliana nao kiasi. Lakini mtawala ni mtawala, na aliyeuawa chini ya mhuri wake anamhusu. Nalisema hili kwa makusudi, maana tunao viongozi kwetu waliotoka katika dhiki, na sisi tumewasamehe kila kitu kwa sababu ya dhiki ile.

Mwaka 662 alifanya jambo ambalo kila mama msikilizaji atalielewa. Sehemu ya mashariki ya nchi, Austrasia, haikuwa na mfalme. Balthild akampeleka huko mwanawe wa pili, Childeric, akiwa bado mtoto, na akaposewa Bilichild, binti wa baba yake mkubwa, mfalme Sigebert. Huyu ni Bilichild wa pili, msimchanganye na yule aliyenunuliwa kwa wafanyabiashara. Kwa ndoa ya binamu kwa binamu nchi mbili zilirudi chini ya udugu mmoja bila vita. Hesabu hiyo tunaijua vizuri, pwani yote imejaa ndoa za namna hiyo. Lakini ilimgharimu mtoto. Mama aliyepelekwa mbali akiwa msichana alimpeleka mwanawe naye mbali, mikononi mwa watu wazima wengine.

Karibu na mwaka 665 madaraka yalimtoka. Askofu Sigobrand wa Paris, mtu wake, aliuawa na wakubwa, na kitabu kinasema wakubwa hao wakamruhusu haraka malkia aende Chelles, kwa kuogopa asije akalipiza. Nyumba ile aliijenga upya mwenyewe, mahali ambapo zamani malkia Clotilde alikuwa na kanisa dogo. Mama mkuu wa watawa alikuwa Bertila, ambaye Balthild mwenyewe alimleta kutoka Jouarre. Sasa aliyemleta akawa chini yake. Kitabu kinasema alihudumu jikoni, akasafisha hata vyoo. Watawa walishangaa kumwona malkia akifanya hivyo. Labda yeye hakushangaa, alikwisha kuzifanya kazi hizo akiwa msichana.

Kutoka Chelles alizipokea habari za wanawe. Mwaka 673 Clothar alifariki akiwa kijana tu. Ebroin akamweka Theuderic kwenye kiti, wakubwa wakakataa, wakamwita Childeric kutoka mashariki, na Theuderic akanyolewa nywele na kufungiwa katika nyumba ya watawa. Mwana mmoja alichukua kiti cha mwana mwingine, na mama yao yu hai anasikia. Mwaka 675 Childeric naye, aliyekuwa amemfunga mkubwa mmoja aitwaye Bodilo kwenye nguzo na kumpiga, aliuawa na Bodilo huyo huyo msituni alikokwenda kuwinda. Mkewe Bilichild aliuawa pamoja naye, naye ni mjamzito. Theuderic alirudishiwa ufalme, akatawala mpaka mwaka 691, lakini nguvu zilikwisha kuhamia kwa wakuu wa nyumba ya mfalme. Hiyo ndiyo familia ambayo ndoa ilimpa Balthild. Ilimpa wafalme watatu, na katika hao aliwazika wawili.

Lakini alikuwa na familia nyingine, aliyoiunda. Walikuwamo watawa, miongoni mwao wasichana aliowatoa sokoni. Na alikuwamo mtoto mmoja wa kike, binti yake wa ubatizo, ambaye mapokeo yanamwita Radegund. Balthild alipokaribia kufa alitamani mtoto huyo asibaki nyuma yake, na kitabu kinasema mtoto alitangulia kufariki, wakazikwa mahali pamoja. Sehemu hii inanitisha na inanigusa kwa pamoja. Sidhani yuko mzazi kati yetu anayeweza kuomba dua ya namna hiyo. Lakini mtu aliyeonja maana ya msichana kubaki duniani bila mtu, namwelewa alichokuwa anakiogopa.

Pale Chelles, katika makumbusho ya mji, lipo mpaka leo vazi la kitani linalohesabiwa kuwa lake. Kifuani limetariziwa kwa nyuzi za hariri mikufu na msalaba, kama mwanamke aliyevaa vito. Mapokeo yanasema vito vya kweli alivitoa sadaka. Na mwaka 1999, katika shamba karibu na Norwich, Uingereza, mtu mwenye kifaa cha kutafutia madini chini ya ardhi aliokota mhuri mdogo wa dhahabu wenye jina Baldehildis. Wataalamu hawajakubaliana kama ni wa malkia au wa mwanamke mwingine mwenye jina lake.

Nawarudisha sasa Texas. Ukitoka Houston kwenda Galveston ni safari ya saa moja hivi. Pale, tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza kwamba watumwa wote wa Texas wako huru, watu wapatao laki mbili na nusu, na hiyo ilikuwa miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln. Watu wengi miongoni mwao walikuwa wameletwa Texas katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu mabwana zao wa Louisiana na majimbo mengine waliwakimbiza mbali na jeshi la Kaskazini. Katika kukimbizwa huko mume alibaki, mke akaletwa, watoto wakagawanywa. Uhuru ulipokuja, jambo la kwanza ambalo wengi walilifanya ni kutafutana.

Kuanzia mwaka 1879 gazeti moja la Wamethodisti wa New Orleans lilikuwa na safu ya matangazo ya watu waliopotezana, na Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo lilikofika. Asiyekuwa msomaji wa kudumu alilipa senti 50. Mtu aliandika jina la mama yake, jina la bwana aliyemuuza, mahali na mwaka alipomwona mwisho. Wachungaji waliombwa wayasome matangazo hayo mbele ya waumini. Miaka kumi na minne baada ya uhuru, mtu mwenye wajukuu bado anaitafuta sura ya mama yake kanisani.

Na kule Fort Worth tunaye mama yetu Opal Lee, aliyezaliwa mwaka 1926. Tarehe 19 Juni 1939, alipokuwa na miaka kumi na miwili, kundi la Wazungu lilivamia na kuchoma nyumba ambayo wazazi wake walikuwa wamehamia siku chache kabla. Mwaka 2016, akiwa na miaka 89, alianza kutembea kwa miguu kutoka Fort Worth akielekea Washington, kudai siku hiyo iwe sikukuu ya taifa. Mwaka 2021 ikawa. Kila mwaka matembezi yake ni maili mbili na nusu, kwa ile miaka miwili na nusu. Nawasihi wazazi wa Fort Worth na Arlington, wapelekeni watoto. Wasiseme ni sikukuu ya watu wengine.

Maana ndani ya Dallas, Fort Worth na Houston wako ndugu zetu Wabantu wa Somalia, ambao Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi mwaka 2003 na 2004. Mababu zao walichukuliwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakauzwa mpaka mabonde ya Juba na Shabelle. Wazigua miongoni mwao wameihifadhi lugha yao miaka yote hiyo, na baadhi ya wenzao waliobaki Afrika walipewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, wakapata na uraia wa Tanzania. Balthild hakupata bahati hiyo. Hawa waliipata kwa sababu mama kwa mama, bibi kwa bibi, waliendelea kutaja walikotoka.

Kwa hiyo nina ombi, nalo ni la jioni hii. Kama yuko kwako mzee aliyepotezana na watu wake Uvira, Fizi, Goma, au njiani kati ya kambi na kambi, kaa naye, uandike: jina la mama yake na la baba yake, kijiji, mlima au mto wa karibu, mwaka, na mahali alipowaona mwisho. Andika na jina la utani, maana watu hupatikana kwa majina ya utani. Kisha nendeni ofisi ya Msalaba Mwekundu ya Marekani, Dallas wako, Houston wako. Wanayo huduma ya kuwatafuta jamaa waliotenganishwa na vita au majanga, wanashirikiana na Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu za nchi nyingine, na hawatozi hata senti. Waambieni mnataka huduma ya kuunganisha familia. Kama mzee hasemi Kiingereza, mwende pamoja naye, aseme mwenyewe kwa Kiswahili, nawe umtafsirie.